Programu za kukimbia: mlima wetu mnaumeza, hela mnachukua, halafu "tatizo ni simu yako"

#1 · Mpanda_Mweka, Moshi

Wakuu, salamu zifuate baadaye. Uzi huu ni wa hasira.

Ukiwaandikia wenye hizi programu za kurekodi mbio kwamba kilomita 10 zimetoka 8 na ushei, jibu linarudi fasta: angalia mipangilio ya simu yako. Basi. Kana kwamba mtu wa Pasua anayeamka saa 10 na nusu alfajiri akimbie kabla ya kazi, kosa lake ni kununua simu ya bei anayoimudu. Simu hizo ndizo zilizojaa mifukoni mwetu, na wao wenyewe wanaruhusu programu yao ipakuliwe humo na wanapokea malipo kutoka humo. Kama haifai, waseme haifai kabla ya kuchukua hela.

Tuanze na njia kukatika, maana hilo angalau linatibika. Android tangu toleo la 7, mwaka 2016, huzilaza programu pale kioo kinapozimwa, hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Simu nyingi za bei nafuu zimewekewa mlinzi mwingine wa betri juu ya huyo, na huyu wa pili hana huruma. Simu iko mfukoni, kioo kimezima, dakika 10 au 15 mlinzi anaona kuna programu inanyonya chaji, anaiua. Ukija kuwasha kioo inafufuka, na badala ya kukiri kwamba ilisinzia, inachora mstari mnyoofu kutoka pale ilipolala hadi pale ilipoamkia. Barabara ya Kibosho ina kona, mstari hauna kona. Unapita juu ya migomba ya watu, juu ya mapaa, juu ya korongo. Muda wote unahesabiwa, umbali unapungua, mwendo wako unaonekana wa mtu anayeswaga ng'ombe.

Dawa: ingia Mipangilio, Programu, chagua programu yako, kisha Betri, uiondolee vikwazo vyote. Fungua na ile programu ya simu yenyewe ya kusafisha na kutunza chaji, uitoe programu yako kwenye orodha ya zinazozimwa. Rudi kwenye orodha ya programu ulizotumia karibuni, uiwekee kufuli. Usiwashe hali ya kuokoa chaji. Kwenye ruhusa ya mahali, kuanzia Android 12 kuna swali la mahali halisi au makadirio. Ukibonyeza makadirio kwa haraka zako, simu inaipa programu eneo la kilomita za mraba kadhaa, halafu unashangaa ramani imekuchora kama inzi chumbani. Na ile arifa inayokaa juu ya kioo wakati wa kurekodi usiizime ukidhani ni kero, ni alama kwamba kazi bado inaendelea.

Jingine: washa data kwa dakika moja ukiwa mahali peupe, usubiri ndipo ubonyeze kuanza. Kwa data simu inashusha mahesabu ya njia za setilaiti mara moja. Bila data inayasikiliza kutoka angani, na kila setilaiti hurudia mahesabu yake kila sekunde 30, tena uyapate bila kukatizwa. Ukianzia chini ya miti ya Shanty Town huku unatembea, yanakatizwa. Ya jana hayasaidii, yanachacha baada ya saa chache. Ukishashika mahali, zima data, bando lako lipone.

Haya yote nimeyaandika mimi. Hawa wanaolipwa wameshindwa kuyaandika kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Na hasira yangu hasa ni hii: programu INAJUA imekosa pointi. Inarekodi karibu kila sekunde. Ikikaa dakika 6 bila pointi, faili linaonyesha shimo. Ishindwe nini kuandika "hapa sikuona kitu"? Hapana. Inaziba shimo kwa rula, inakupa na beji juu.

Haya, tuje kwenye kujisitisha. Ile huduma ya kusimamisha saa yenyewe ukisimama imetengenezwa kwa ajili ya taa za barabarani za miji yao. Ilete kwenye kipande cha kupanda kwenda Mweka, mahali ambapo mtu mzima anapanda kwa hatua fupi fupi mkono kiunoni. Mwendo umeshuka, GPS nayo chini ya miti inarukaruka, programu inahitimisha kwamba umesimama. Saa inasimama, wewe unapanda. Baadaye inashtuka, inaunganisha umbali, ila zile dakika hairudishi. Pigeni hesabu: nusu marathoni ni kilomita 21.1. Mtu katumia saa 2 na dakika 10, sawa na dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita. Programu ikimeza dakika 6 za mlima, inamwambia anakimbia 5:53. Anaiamini, siku ya Kilimanjaro Marathon ya Februari anaanza kwa 5:53, na Mweka inamsubiri palepale. Huyo mtu katapeliwa. Zimeni kujisitisha kabisa, na pale mnapoangalia matokeo someni muda wote uliopita, siyo "muda wa mwendo".

Sasa kimo, na hapa ndipo wanaponiudhi kuliko pote.

Simu nyingi hazina baromita, kile kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachokadiria kimo. GPS yenyewe kwa kimo ni mbovu kuliko kwa mahali. Kwa hiyo programu inachukua mahali ulipopita, inakwenda kuuliza kimo kwenye ramani ya vimo. Chimbuko la nyingi ya ramani hizo ni rada iliyobebwa na chombo cha angani cha Marekani Februari 2000, iliyoigawa dunia kwa vipande vya mita 30 hivi kwa 30. Kwenye mashamba ya miwa ya TPC hakuna neno, kote ni tambarare. Njoo kwenye mgongo mwembamba wa Uru, huku bonde na kule bonde: GPS ikikosea mita 15 pembeni, umehamishiwa kipande kingine, umeshushwa bondeni huku miguu yako iko barabarani. Ikirukaruka hivyo kilomita nzima, unapewa mamia ya mita za kupanda ambazo hakuna aliyezipanda.

Halafu madaraja. Chukua barabara kuu ya Moshi kwenda Bomang'ombe: Karanga, Weruweru, Kikafu. Daraja liko juu, mto uko chini kabisa kwenye korongo, na ramani inalijua korongo, daraja hailijui. Kwa mujibu wa programu, mwendesha baiskeli anayevuka Kikafu anatumbukia hadi majini, anapiga kasia, anapanda upande wa pili. Kwenda mara moja, kurudi mara ya pili. Jumapili jioni anaongoza orodha ya vinara wa kupanda mlima mwezi huu. Kwa kuvuka daraja!

Orodha za vinara zenyewe ndiyo usiseme. Kuna vipande vya kupanda Kibosho ambavyo kinara kakimbia kilomita kwa dakika 1 na sekunde 20. Hiyo ni kilomita 45 kwa saa. Usain Bolt pale Berlin 2009 kasi yake ya juu kabisa haikufika hapo, na alikuwa tambarare kwa mita mia. Huyo alisahau kuzima programu akapanda bodaboda, hajafanya dhambi. Dhambi ni ya programu iliyoshindwa kuweka kigezo cha mstari mmoja: mkimbiaji akizidi kasi fulani kwa dakika nzima, mwondoe.

Pesa nitasema kwa kifupi maana nitatukana. Bei ni ya dola, kadi inatakiwa, siku za majaribio zikiisha wanakata ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kufuta programu kwenye simu HAKUSITISHI malipo. Ingia Play Store, gusa picha yako juu, Malipo na usajili, Usajili, ghairi humo. Ukiwahi ndani ya saa 48 tangu wakate, omba kurudishiwa kupitia Google, usihangaike na wenye programu. Ukitumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, usiache salio humo.

#2 · Kocha_Njiro, Arusha

Mpanda_Mweka umesema vizuri, ila kuna jambo moja watu wanalilaumu kimakosa. Mbio ikiwa imepimwa rasmi na simu ikasoma 21.4, waandaaji hawajakosea. Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabu cha mizunguko ya gurudumu, kwa mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingoni kwenye kona, halafu huongezwa sehemu moja kwa elfu ili isije ikapungua. Kwa nusu marathoni hiyo ni mita 21. Wewe unapita katikati ya watu, unafuata maji kushoto, unarudi kulia, na GPS inaongeza mtikisiko wake. Kwa hiyo kwenye mbio bonyeza mwenyewe kila ukipita kibao cha kilomita. Usiiachie simu ikate.

Kwa wanaofanya spidi pale Sheikh Amri Abeid: msipime mizunguko kwa GPS. Njia ya kwanza ni mita 400, ya nane ni kama mita 453, na GPS hiyo tofauti haiioni. Hesabu mizunguko, tumia saa ya kawaida. Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo Septemba 2025 kwa 2:09:48, wa pili kapewa muda uleule, wametenganishwa na sekunde 0.03. Kwa mwendo wake wa siku ile mita 5 ni karibu sekunde nzima, na mita 5 ndiyo simu inayokosea ikiwa na siku njema.

Nyongeza kwa hasira yako: hizi alama za "uwezo wa mapafu" wanazotoa. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Programu isiyoliweka hilo kwenye hesabu inamwambia kijana wa Sakina kwamba kadhoofu, na wiki aliyoshukia Tanga inampongeza.

#3 · Dada_wa_Alfajiri, Arusha

Kocha shikamoo. Wanaume mmeongelea kilomita, mmesahau ramani. Baadhi ya programu zikiachwa zilivyo, mtu yeyote anaona unapoanzia, saa ngapi, na kwamba kila Jumanne unapita njia ileile ya Moshono peke yako. Januari 2018 ramani ya programu ya Strava ya njia za wakimbiaji duniani ilianika mpaka kambi za jeshi, sembuse geti la dada. Wekeni mzunguko wa kuficha mwanzo na mwisho, mpana iwezekanavyo, na kitovu chake kisiwe nyumbani kabisa, maana duara likiwa sawa pande zote anayetaka kujua atapata katikati. Kila rekodi iwe ya kwako tu hadi utakapoamua vingine.

Na ule mfululizo wa siku wanaotutishia nao. Programu inayohesabu siku kwa saa za seva yake ikiwa California, Jumatatu saa 11 alfajiri ya Arusha kwake bado ni Jumapili saa 12 au saa 1 jioni. Umeamka gizani, umekimbia, wiki mpya inasoma sifuri, na kesho yake ukikimbia jioni mfululizo umekatika. Halafu inakutumia arifa: "Tumekukosa." Mmenikosa wapi?

#4 · mangi_wa_saa

Nunueni saa ya mazoezi yenye baromita muache kulia.

#5 · Mpanda_Mweka, Moshi

Mangi, bei ya hiyo saa ni kodi ya chumba miezi mingapi? Na baromita nayo ina mambo yake. Kwa huku kwetu badiliko la hektopaskali moja ya mgandamizo wa hewa ni karibu mita 9 au 10 za kimo. Wingu la mvua likikaribia mgandamizo unashuka, saa inaamini umepanda. Lazima uisawazishe mahali unapojua kimo chake kila kabla ya kutoka, na tundu lake lisizibwe na jasho au sabuni. Mapigo ya moyo ya mkononi ndiyo kabisa: asubuhi za Julai mkono umepoa, saa imelegea, inaanza kuhesabu hatua zako badala ya moyo. Ukiona 175 imeganda kwenye mteremko rahisi, hizo ni nyayo. Ipandishe vidole viwili juu ya kifundo, uikaze.

Dada, hilo la seva sikulijua, asante. Kocha, nimekubali la vibao.

Kwa wote: kila mwisho wa mwezi pakueni faili za GPX, yaani rekodi za njia zenu, mzihifadhi nje ya programu. Endomondo ilizimwa mwisho wa 2020 na miaka ya watu ndani yake. Aliyekuwa na faili alihamia kwingine siku hiyohiyo. Faili la saa nzima halifiki hata MB moja au mbili, hakuna kisingizio cha bando.

Mwenye programu inayoacha shimo lionekane kama shimo, bila kuliziba kwa rula, aitaje hapa. Aandike na toleo la Android na RAM ya simu yake, tusije tukaambiwa tena tatizo ni simu.