Nina kanga 140 dukani, mteja akiandika "leso" anaambiwa hakuna matokeo

DotiMoja_Tanga

Habari zenu jamani, na shikamoo kwa wanaostahili.

Nauza kanga, vitenge, vikoi na madera. Miaka sita nimeuzia kwenye stetasi ya WhatsApp, mwaka huu nikajitutumua nikatengenezewa duka la mtandaoni kwa WooCommerce, programu ya kuendeshea maduka. Kijana aliyelitengeneza kamaliza, kachukua chake, kaniachia karatasi moja ya kujaza mwenyewe: kategoria, sifa, lebo, faseti, visawe, mpangilio wa umuhimu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne nikaiwekea kikombe cha chai juu.

Kilichonileta hapa ni hiki. Juzi mteja wangu wa Muscat, mtu wa kuchukua doti kumi kwa mpigo, kaniandikia: "Mbona duka lako halina leso?" Nikadhani ananitania. Nikachukua simu ya mwanangu, nikaandika leso. Hakuna matokeo. Nikaandika khanga, na hiyo h kama wanavyoandika Unguja. Hakuna. Nikaandika kitenge, kikaja kimoja, na ninavyo zaidi ya sitini.

Rangi ndiyo kabisa. Pembeni kuna orodha ya mteja kuchagua. Imo "Nyekundu", imo "nyekundu ya kuiva", imo "nyekundu iliyoiva", imo "damu ya mzee", imo "maruni". Kila moja ina kanga mbili tatu, na zote mimi nimezipanga mzigo mmoja kabatini.

Nielezeni kama mnaongea na mtu wa dukani, si mtu wa kompyuta. Sifa na lebo tofauti yake nini? Faseti ndiyo mdudu gani? Na kitenge kimekosa nini mpaka kisiitwe pamoja na vitenge?

mzee_wa_dezo

Dada ungebaki WhatsApp. Kule mteja akisema "ile ya maua maua" ushajua anataka ipi.

KifumbuChaNazi

Dada DotiMoja, mimi nauza mashuka na mapazia hapa Mombasa, na hayo yote yamenikuta. Ngoja nikueleze nilivyoyaelewa mwenyewe, taratibu.

Kwanza kuna mambo matatu watu huyatia kwenye kapu moja. Kutafuta ni mteja kukuuliza kwa mdomo wake: "Una kanga za harusi?" Neno ni lake, nawe hujui atatamka lipi. Kuchuja ni wewe kumwekea maswali, yeye anajibu kwa kidole: rangi ipi, bei kuanzia ngapi, pamba tupu au mchanganyiko. Hapo neno ni lako. Kupanga hakuondoi hata kitambaa kimoja, kunabadilisha tu kipi kikae juu: cha bei nafuu, kipya, au "kwa umuhimu", maana yake mtambo unakisia kipi kinafanana zaidi na alichoandika mteja.

Kategoria ni rafu: kanga rafu yake, madera rafu yake. Sifa ni swali ambalo kila bidhaa kwenye rafu ile ina jibu lake. Rangi gani? Nyekundu. Pamba? Tupu. Lebo ni kikaratasi unachobandika popote upendapo, "idi", "sare ya shughuli", "zawadi ya mkwe". Mimi hujipima hivi: nikiweza kuliuliza kama swali, hiyo ni sifa. Nikishindwa, ni lebo. Lebo usizipende sana. Mwaka wa kwanza niliweka zaidi ya mia mbili, nyingine zina shuka moja tu, mteja akibonyeza anadhani duka limefilisika.

Faseti ni kichujio kinachokupa hesabu kabla hujabonyeza: Nyekundu 23, Kijani 11. Ukishachagua Nyekundu, hesabu za bei na za kitambaa nazo zinabadilika zikufuate. Basi. Jina kubwa, kazi ndogo.

Sasa rangi zako. Usimlaumu mtambo, ni wewe (au yule kijana) mliandika rangi kwa mkono ndani ya kila bidhaa. Nenda sehemu ya Bidhaa, ingia Sifa, tengeneza Rangi mara moja tu na majibu yake machache. Yangu yako kumi na mawili. Halafu kwenye kila kanga unachagua, huandiki. Sifa iliyoandikwa ndani ya bidhaa moja peke yake haiingii vizuri kwenye vichujio vya WooCommerce, na hata ikiingia ndiyo hayo ya kuiva na iliyoiva. Damu ya mzee na maruni ziwe jibu moja. Lipi? Chagua lile ambalo wateja wako hutamka.

Kitenge na vitenge ndipo Kiswahili kinapowashinda hawa waundaji. Utafutaji wa kawaida wa duka lako haujui sarufi. Unachukua herufi zilizoandikwa, unaangalia kama zimo kwa mfuatano huohuo kwenye jina au maelezo ya bidhaa. Wewe bila shaka uliandika "Vitenge vya..." kwenye majina. Mtu akiandika kitenge, hiyo k haimo, kwisha. Jaribu dera uone: linapata madera, kwa sababu dera limo ndani ya madera. Lakini bidhaa ikiitwa dera, anayeandika madera hapati kitu. Mkoba na mikoba hawapatani upande wowote.

Mitambo mikubwa ya utafutaji inajua kukata mkia wa neno, kwa sababu Kiingereza hubadilika mkiani. Sisi tunabadilika kichwani. Kuna wanaosema "weka ule unaovumilia makosa ya herufi". Niliujaribu mmoja, Algolia. Kwa mipangilio yake ya kawaida, kosa kwenye herufi ya kwanza linahesabiwa makosa mawili, na makosa mawili yanavumiliwa kwa neno lenye herufi 8 na kuendelea. Kitenge kina 7. Nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo tunafikia visawe, yaani orodha ya kumwambia mtambo kwamba neno hili na lile ni kitu kimoja. Kitenge, vitenge. Kikoi, vikoi. Kanga, khanga, leso. WooCommerce yenyewe haina sehemu hiyo, utatafuta programu-jalizi, yaani kiongezo cha kupachika dukani, ya utafutaji yenye visawe. Kama hela hakuna, andika maneno yote kwenye maelezo mafupi ya kila bidhaa, sentensi ya kawaida tu: "Kanga hii, wengine huita leso au khanga..." Inatosha kabisa kwa bidhaa mia mbili.

Temeke_Kwetu

Kaka Kifumbu umeongea vizuri ila hapo kwenye leso utamponza. Huko kwenu Mombasa leso ni kanga. Huku Dar leso ni kile kitambaa kidogo cha kufutia jasho. Akiziweka kanga na leso kuwa kitu kimoja kwa pande zote mbili, na siku akiuza leso za mfukoni, mteja wa Kariakoo anayetafuta kanga atamwagiwa vitambaa vya makamasi.

Kuna visawe vya pande mbili na vya upande mmoja. Khanga na kanga ni pande mbili, hakuna ubishi. Leso iwe upande mmoja: anayeandika leso aonyeshwe leso na kanga, anayeandika kanga aonyeshwe kanga tu.

KifumbuChaNazi

Kweli, umenikamata. Ingawa ukienda nyuma ninyi na sisi sote tuko sahihi: inasimuliwa kwamba kanga zenyewe zilianza kwa kuunga vile vitambaa vya mkononi vya Wareno, vitatu juu na vitatu chini. Lakini mtambo haujui historia. Mfuate Temeke.

DotiMoja_Tanga

Mungu awape. Jana usiku nimekaa mpaka saa saba. Rangi zilikuwa thelathini na nne, sasa ni kumi na moja. Damu ya mzee imebaki, maruni imeondoka. Leso leo inatoa kanga.

Mawili yamebaki. La kwanza, kuna anayeniandikia "kanga nyekundu" anakosa, na Nyekundu nimeiweka vizuri kwenye sifa. La pili, nataka kuweka Jina la kanga kuwa sifa, maana watu wangu wananunua kwa maandishi. Hawasemi rangi, wanasema "ile ya mgeni njoo".

KifumbuChaNazi

La kwanza: utafutaji wa kawaida unasoma jina na maelezo, hauendi kusoma sifa. Na ukiandika maneno mawili, yote mawili lazima yawemo. Kwa hiyo rangi iwepo na kwenye jina: "Kanga nyekundu, pindo jeusi". Sifa ni ya kidole, jina ni la mdomo.

La pili, hapana dada, usifanye. Kichujio kina maana pale jibu moja linapochukua bidhaa nyingi. Majina ya kanga ni karibu 140 kwa kanga 140, mteja atashuka orodha mpaka kidole kiume, na karibu kila mstari umeandikwa 1. Maandishi yaweke kwenye jina la bidhaa, yote, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambaa. Anayekumbuka nusu atayapata kwa kutafuta.

Swali nami: vichujio vyako vya rangi umeviweka NA au AU? Kwa mashuka mimi ni AU, akichagua nyekundu na kijani anaona zote mbili. Kanga sijui, maana ina pindo na mji, yaani ile sehemu ya katikati.

DotiMoja_Tanga

AU. Lakini umenishtua, mtu wa sare akichagua nyekundu na nyeusi anataka zote kwenye doti moja. Nitaibadilisha iwe NA kwenye rafu ya kanga peke yake.

Nimeandika "njoo mwenyeji" zikatoka mbili, "Mgeni njoo mwenyeji apone", ya kijani na ya zambarau! Nimemtumia kiungo yule wa Muscat. Kafungua, kaangalia, kajibu: "Pindo mbona silioni?" Hilo nalo lina neno lake?

Temeke_Kwetu

Linaitwa picha, dada. Tandika doti yote sakafuni, upige tena.