Bia ya nyumbani: harufu ya hopsi inapotelea wapi na joto hili la Mtwara?

Mshangani

Wakuu habari za jioni,

Naomba msaada kwa wanaopika bia nyumbani, hasa mlioko huku kusini, manake maelezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao shida yao ni kupasha ndoo joto, sisi shida yetu mnaijua.

Niko Mtwara mjini. Napika lita 20, pale ale ya kawaida tu (ile bia nyepesi ya rangi ya dhahabu), kimea cha shayiri, hopsi aina ya Cascade (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na hamira ya bia ya pakiti. Uchungu unatoka vizuri, povu lipo, bia inanyweka. Kinachonishinda ni harufu. Bia ikishamaliza kuchacha nafungua mfuniko namwaga gramu 50 za peleti (hopsi zilizosagwa na kushindiliwa) humo humo, nakoroga kidogo zizame, nafunika, zinakaa wiki nzima mpaka siku ya kujaza chupa. Siku hiyo ukifungua ndoo stoo nzima inanukia balungi na maua, mpaka shemeji yenu anauliza nimemwaga nini. Sasa zikae chupani wiki mbili tatu, fungua, hamna kitu! Kinabaki kiuchungu cha majani majani na ukakasi kwenye ulimi, na zile zilizokaa zaidi zinaanza kuwa na ladha ya boksi la karatasi na rangi inakolea.

Jamaa mmoja ananiambia niongeze tu gramu, niweke 150. Hopsi zenyewe zinatoka Dar kwa basi na bei yake mnaijua, kwahiyo kabla sijaingia hasara naomba kujua, shida ni gramu au ni kitu kingine? Stoo yangu mchana inafika nyuzi 30. Friji ninayo ila ni ya familia, nikiingiza ndoo humo natolewa mimi.

Babu_Mikindani

Mkuu usiongeze hata gramu moja. 50 kwa lita 20 ni gramu mbili na nusu kwa lita, kwa pale ale hiyo inatosha kabisa kunukia. Watu wa Chuo Kikuu cha Oregon State kule Marekani walishapima hiki kitu kwa hopsi hiyohiyo ya Cascade, wakaona ukishapita gramu 8 kwa lita harufu haiongezeki ya maana, unachoongeza ni ladha ya majani. Jamaa yako wa 150 anakupeleka mpakani kabisa, na ukiiacha wiki nzima kwa nyuzi 30 utakunywa mchicha.

Kwenye hopsi kuna vitu viwili na watu wanavichanganya. Kuna asidi za alfa, hizo ndo uchungu, na hazitoi uchungu wa maana mpaka zichemke ndo maana tunachemsha saa nzima. Halafu kuna mafuta, machache sana, mara nyingi asilimia moja mpaka tatu tu ya uzito wa ua, na hayo ndo harufu yote unayoitafuta. Mafuta haya yanaruka na mvuke. Mirsini, mojawapo ya mafuta hayo na ndo nyingi kwenye Cascade, ukiiweka kwenye sufuria inayotokota inapaa yote inaishia jikoni kwako. Ndo maana drai hopi, yaani kuweka hopsi kavu bila kuzichemsha kama ulivyofanya, inafanyika jiko likishazimwa zamani, bia ikiwa ndooni. Mpaka hapo uko sawa.

Ila soma tena ulichoandika. Siku ya kujaza harufu ilikuwepo. Kwahiyo iliingia, ikapotea baadae, na anayeipoteza ni oksijeni. Bia ikimaliza kuchacha juu yake kuna tabaka la hewa ya ukaa, wewe ukafungua mfuniko ukalitawanya, ukakoroga, hamira imeshalala hakuna wa kuila hiyo oksijeni, ukaifungia chupani pamoja na bia. Boksi la karatasi na rangi kukolea ndo alama zake hizo. Na joto linaongeza kasi, bia ikikaa nyuzi 30 inazeeka mara mbili au zaidi ya ile iliyokaa 20.

Mimi naziweka hopsi kabla bia haijamaliza. Kama haidromita (kile kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia) ilianza 1.050 na unajua itaishia 1.012, ikifika kama 1.016 weka. Hamira bado iko kazini, oksijeni yoyote inayoingia na peleti inaliwa, na gesi inayotoka inasukuma hewa nje. Usikoroge kabisa, zitazama zenyewe. Siku mbili, tatu basi, halafu jaza chupa. Peleti zinatoa karibu harufu yake yote ndani ya siku mbili hivi, baada ya hapo kinachoendelea kutoka ni ule ukakasi wako. Kwa joto letu mambo yanaenda haraka zaidi, anayekwambia siku saba yuko na stoo ya nyuzi 16.

Kwenye kujaza, tumia ndoo yenye koki na mpira mwembamba unaofika mpaka chini ya chupa, bia ipande taratibu bila kuchuruzika, jaza mpaka ibaki nafasi ya vidole viwili, kizibo hapohapo. Watu wanahangaika na aina za hopsi halafu wanajaza bia kwa kikombe na faneli, sasa utategemea nini?

Za joto: weka ndoo kwenye beseni kubwa la maji, humo tumbukiza chupa za maji ulizogandisha, asubuhi na jioni unabadilisha. Ile mbinu ya kuifunika khanga mbichi na kuwasha feni watu wa Dodoma wanaisifia, huku pwani hewa yenyewe imeshaloa, khanga haikauki, ubaridi unaoupata ni kidogo mno.

Dada_wa_Newala

Babu kamaliza kwenye oksijeni, shikamoo babu. Mi naongezea kitu ambacho mleta mada hajaulizwa: hizo hopsi zikitoka Dar zinakuja vipi?

Kama zinawekwa kwenye buti la basi, mchana kutwa, kwenye joto lile la Kibiti na Nangurukuru, afu zinalala kwenye ofisi ya parseli mpaka uende kuchukua, unaweza ukawa unanunua hopsi zilizochoka tayari. Hopsi maadui zake ni joto, hewa na mwanga. Mwambie muuzaji akupe pakiti ya foili iliyovutwa hewa haijafunguliwa, sio zile anazopima kwenye mfuko wa nailoni, na aitume kwa basi la usiku, ikifika tu friza. Ukifungua pakiti usiangalie rangi peke yake, sugua peleti moja kiganjani mpaka ipate moto unuse. Inatakiwa ikupige harufu ya balungi. Ikinuka jibini au soksi zilizovaliwa, hiyo imeoza, weka kwenye bustani. Iliyobaki usiiache wazi, kunja, kamua hewa, funga kwa selotepu, rudisha friza.

Pili hamira. Kwa nyuzi 30 hamira ya kawaida ya ale inatoa pombe nzito zile zinazoumiza kichwa, hata harufu ya hopsi ikibaki inafunikwa. Kuna hamira inaitwa kveik, ya mashambani Norway, ile ya Voss inachachusha vizuri kati ya nyuzi 35 na 40, inamaliza kwa siku chache tu, na yenyewe ina kaharufu ka ganda la chungwa ambako kanaelewana sana na Cascade. Kwa mtu wa Mtwara mjini asiye na friji ya pili mi naona ndo jibu, unaacha kupigana na hali ya hewa. Babu na chupa zake za barafu mnisamehe, umeme ukikatika usiku kucha hiyo barafu inatoka wapi?

Mi huku juu ya uwanda, mwezi wa sita na wa saba usiku kuna baridi ya kweli, napika na hamira ya kawaida bila beseni. Ila kuanzia mwezi wa kumi narudi kwenye kveik kama wenzangu.

Masasi_Hot

samahani naingilia, hivi haya maua hayawezi kulimwa hapa kwetu? Rondo kuna baridi na mvua, si tungeacha kuagiza. na je mtu akiweka mchaichai badala ya hopsi si ni harufu ya ndimu ileile? au mabibo kabisa, msimu ukifika yanaoza chini ya mikorosho

Dada_wa_Newala

Masasi, kulima ngumu. Hopsi inataka majira yenye mchana mrefu sana ikue kwanza ndo itoe maua ya kutosha, halafu ipumzike kwenye baridi. Huku kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili tu mwaka mzima. Hata Afrika Kusini, upande wa George ambako wanalima, kwa aina za kizamani walikuwa wanawasha taa shambani kurefusha mchana.

Mchaichai unaweza, ila hauwi bia ya hopsi, unakuwa bia ya mchaichai. Wenyewe mtamu lakini. Weka kidogo, mabua machache yaliyopondwa na kupitishwa kwenye maji ya moto, siku mbili utoe. Mabibo yana ukakasi mwingi, ukichanganya na ukakasi wa hopsi ulimi unafunga. Mabibo tuyaachie uraka, ile pombe yake ya kienyeji, uraka hauna shida yoyote ya kutatuliwa.

ChupaZaLindi

Nimesoma yote nimeona hakuna aliyetaja usalama. Mshangani kabla hujafuata hiyo ya siku mbili tatu halafu jaza chupa, subiri kwanza.

Hopsi kavu zinaingia na vimeng'enya vyake. Vimeng'enya hivi vinakata zile dekstrini, sukari ndefu ambazo hamira ilikuwa imeshindwa kuzila, zinakuwa sukari fupi, hamira inaamka inaanza kula upya. Waingereza Brown na Morris waliliandika hili mwaka 1893, baada ya kuona bia za mapipa zilizowekwa hopsi kavu zinachacha tena zenyewe, kwahiyo sio stori za juzi. Na vimeng'enya vinapenda joto, stoo ya nyuzi 30 ndo kwao.

Sasa piga hesabu. Umejaza chupa, umeweka sukari yako gramu 6 kwa lita ya kutengeneza gesi, halafu humo ndani bia inashuka pointi nyingine 4 kwenye haidromita, mfano 1.012 mpaka 1.008. Hiyo ni gesi ya ziada inayokaribia ile ya sukari yako, au kuizidi. Chupa inapasuka. Vioo vinatembea stoo nzima na kama kuna mtoto anapita hapo sitaki hata kuwaza. Pia hamira ikiamka hivo inaweza kuleta diasetili, ile harufu ya siagi, nayo inaua hopsi zako.

Kwahiyo hopsi zikishakaa siku zake usiangalie kalenda, angalia haidromita. Pima leo, pima kesho, pima keshokutwa, namba isicheze ndo ujaze. Na tumia chupa nene za bia za kahawia zinazorudishwa, sio chupa nyepesi za kutupa, na zile za kijani au nyeupe achana nazo kwasababu mwanga ukipiga bia yenye hopsi inatoa harufu ya kicheche ndani ya muda mfupi sana.

Babu_Mikindani

Chupa kasema kweli. Mimi nikishafikisha siku tatu nazitoa hopsi kwanza, halafu bia inaendelea kukaa mpaka itulie, ndo maana sijapata balaa hilo. Nilipaswa kuliandika wazi.

Mshangani

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Babu nimebaki na swali, unazitoaje kama zimemwagwa ndani? na si ukifungua kuzitoa unaingiza tena hewa?

Babu_Mikindani

Mfuko mkuu. Kitambaa cha shela au soksi ya nailoni mpya kabisa, chemsha dakika kumi, tia peleti na gololi za watoto nne tano ulizochemsha pamoja ili uzame, funga kwa kamba nyembamba, kamba itokee pembeni ya mfuniko. Acha mfuko uwe mkubwa, peleti zinavimba sana zikibanwa katikati hazilowi. Siku ya kutoa unalegeza mfuniko upande mmoja tu, unavuta mpaka mfuko uning'inie juu ya bia, unatoa, unafunika. Sekunde chache. Wala usiukamue, najua gramu 50 zimenyonya bia yako karibu robo lita na inauma, lakini ukikamua unarudisha majani na hewa vyote kwa pamoja.

Peleti zenyewe usizichemshe kuua wadudu, nimeona wengi wanauliza hilo. Bia imeshakuwa na kilevi na asidi yake, hopsi nazo bakteria wengi haziwapendi.

Mshangani

Sawa babu. Naagiza kveik na pakiti ya foili wiki hii, basi la usiku kama dada alivyosema. Chupa zikishapata gesi zinaweza kukaa stoo au?

Dada_wa_Newala

Siku kumi stoo zipate gesi, baada ya hapo friji. Zote. Kama nafasi hakuna pika lita 10 badala ya 20, bia ya hopsi sio ya kuweka akiba, inyweni ndani ya mwezi. Shemeji mwambie zinachukua shelfu ya chini tu.