Hosti (kampuni inayotutunzia tovuti na barua) amezuia barua pepe zetu kwa madai ya spamu. Tunaanzia wapi?

mawenzi_safari
Habari za jioni wakuu. Ni ofisi ya wakala wa utalii hapa Moshi: tovuti ya WordPress, hostingi ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti na barua), akaunti nne za barua pepe. Tangu Alhamisi usiku barua zinaingia ila hazitoki. Hosti ametuma mistari miwili tu: kuna malalamiko ya spamu, safisheni kisha mjibu tiketi. Hakuambatisha kitu.

Ana haki ya kufunga kabla ya kutusikiliza? Tusafishe nini wakati hatujui kilichotoka? Au tuhamie kwa hosti mwingine yaishe? Niseme kabisa: Jumanne tulituma tangazo la kupanda mlima Julai hadi Septemba kwa anwani 2,300, za maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair na za miaka ya nyuma, kwa kutumia info@.

njiro_seva
Haki anayo, mkuu, imo kwenye masharti mliyokubali siku ya kulipia. Kwenye hostingi ya pamoja mnatumia IP (anwani ya seva mtandaoni) moja na wateja wengine wengi. IP hiyo ikiingia kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa spamu, barua za wote zinagoma, hata za shule au duka la dawa lisilo na kosa. Ndiyo maana hosti hukata kwanza na kuuliza baadaye. Kuwaachia tovuti hewani na kuzuia barua zinazotoka tu ni hatua nyepesi. Nzito zaidi ni kufunga akaunti nzima, kisha kuvunja mkataba, na hapo hufika mteja anayerudia au anayekaa kimya. Kwa hiyo jibu tiketi leo, hata kama ni kusema tu "tumeona, tunafuatilia".

Kwenye jibu hilo dai sampuli. Malalamiko yanayopita abuse@, anwani ya hosti ya kupokea malalamiko, kwa kawaida huja na nakala ya barua yenyewe. Omba vichwa kamili vya barua moja (mistari ya juu inayoonyesha ilikotoka na ilikopita), saa, na ukanda wa saa. Hosti ataificha anwani ya mlalamikaji, hilo lisikusumbue.

Angalia sana hiyo saa. Seva nyingi huandika kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. 19:41 kwenye logi kwetu ni saa nne na dakika 41 usiku, si saa moja. Wapo wanaobishana na hosti siku mbili nzima kwa kosa hilo.

Ukiipata, soma hivi:

`authenticated_id:` ikifuatwa na anwani yenu, basi aliyetuma aliingia kwa nywila. Imeibwa.

`X-PHP-Script` au `X-PHP-Originating-Script`, basi ni faili ndani ya tovuti. Likiwa chini ya wp-content/uploads usijiulize mara mbili, lile ni folda la picha na PHP (faili za programu) haina kazi humo. Kubadili nywila za barua pepe hakutasaidia kitu hapa.

Kama hakuna mstari wa `Received` unaotaja seva ya hosti wenu, mtu ameghushi jina lenu akiwa kwingine. Mwonyeshe hosti, hana sababu ya kuendelea kuwafungia.

mawenzi_safari
Asante mkuu. Wamenijibu, nakata sehemu:

`Date: Thu, 19:41:07 +0000`
`X-Get-Message-Sender-Via: [seva]: authenticated_id: reservations@[sisi]`

Kumbe si info@! Kichwa cha habari ni "ankara iliyorekebishwa".

njiro_seva
Nywila imeibwa, na hicho kichwa cha habari hakinifurahishi. Fuata mpangilio huu, usiupindue.

Anza na kompyuta na simu zote zinazofungua reservations@. Zipige skani kabla ya kugusa nywila, la sivyo nywila mpya itaibwa ilivyoibwa ya zamani. Halafu badilisha nywila ya akaunti hiyo, za zile tatu, na ya cPanel yenyewe. Zisifanane.

Baada ya hapo ingia cPanel utazame Forwarders (barua zinazopelekwa kwingine) na Email Filters (vichujio). Mwizi hupenda kuacha kichujio kinachofuta barua zinazorudi ili msishtuke, au nakala ya kila barua inayokwenda kwake. Kubadili nywila hakuviondoi.

Mwisho, mwombe hosti afute foleni ya barua zinazosubiri kutoka. Watu wengi husahau hili: barua za mwizi zilizokwama bado zimo kwenye seva, hosti akifungua tu zinamiminika na mnafungiwa tena ndani ya saa moja.

karanga_dns
Nakubaliana na yote hayo, ila ile orodha ya 2,300 msiiruke. Mtu aliyewapa kadi kwenye banda hakuomba matangazo. Anwani za zamani nazo zina zilizokufa, na nyingine hugeuzwa mitego ya spamu, yaani anwani za kunasa watumaji wasioruhusiwa. Google wanataka malalamiko yasifike asilimia 0.3. Kwa hesabu ya haraka, kati ya 2,300 ni watu saba tu.

Hosti akiona wizi na tangazo ndani ya wiki moja, atayaweka kapu moja. Mwambieni wenyewe kabla hajaliona kwenye logi. Matangazo yapitie huduma ya kutuma barua nyingi, kwenye sabudomeini yake, yenye kiungo cha kujiondoa kinachofanya kazi. Wekeni SPF, DKIM na DMARC, rekodi za DNS (kitabu cha anwani za domeini) zinazothibitisha kuwa barua ni yenu kweli. SPF iwe rekodi moja tu: mkiongeza ya pili badala ya kuunganisha, zote mbili hazifai, na ikizidi maulizo 10 ya DNS nayo inakataliwa.

Kuhama hakutawaponya. IP mtaiacha, lakini sifa ya domeini mnahama nayo, na nywila iliyoibwa vilevile.

mawenzi_safari
Nimekuta kichujio kimoja kweli, kinafuta kila barua yenye neno "Mailer-Daemon", jina la mtumaji wa barua zinazorudi. Tiketi niiandike vipi sasa?

njiro_seva
Fupi, bila kulalamika:

"Chanzo: nywila ya reservations@ iliibwa. Kompyuta zimesafishwa, nywila zote tano zimebadilishwa, kichujio cha mwizi kimefutwa. Tangazo la Jumanne lilitoka kwetu, hatutatuma tena kupitia seva yenu. Tunaomba foleni ifutwe kisha barua zifunguliwe, hata kwa kikomo kidogo kwa saa."

IP ikiwa imeorodheshwa, kuomba iondolewe ni kazi ya hosti, msijaribu wenyewe.

Lakini kabla ya tiketi, shika simu. Mgeni yeyote mwenye ankara ambayo hajalipa, mpigie umsomee namba ya akaunti ya benki kwa mdomo. Aliyeingia reservations@ amezisoma ankara zote, na huenda ameshawatumia namba yake.