Neno "set" la Kiingereza: ni neno moja kweli au ni maneno mawili yamegongana?

Njiwa_Manga

Wakuu habari za saa hizi. Kuna jamaa kaniomba nimtafsirie maelekezo ya mashine fulani kutoka Kiingereza, kazi ya kishkaji tu haina hela, sasa hili neno set limenikaba koo. Ukurasa wa kwanza unaambiwa u-set saa, chini yake unaambiwa usubiri gundi i-set, ukifunua unakuta set ya spana, na mwishoni kabisa wanakuonya usiiache mashine nje jua liki-set. Kuseti saa hakuna asiyeelewa, seti ya spana nayo tumeshaizoea, lakini gundi "iseti" na jua "liseti" hapana jamani, mi mwenyewe nacheka. Nikaenda kwenye kamusi nikidhani ntapata maana mama, niishike hiyo hizo nyingine zijipange, nimekutana na orodha haiishi nikafunga. Swali langu kwa wajuzi: hili ni neno moja limezaa watoto wengi, au ni maneno tofauti yamekutana tu kwenye matamshi?

kasuku_msemaji

Hahaha mkuu umejichagulia lenyewe. Kwenye ile kamusi kubwa ya Oxford toleo la pili la 1989, set ndo lilikuwa neno lenye maelezo marefu kuliko yote, kitenzi tu kina maana kama 430 na maelezo yake ni maneno kama 60,000 hivi, yani hicho ni kitabu ukiuza watu wananunua. Siku hizi run limelipiku, walipolipitia upya wakahesabu maana 645 za kitenzi peke yake. Kwa hiyo kuifunga kamusi ulifanya la maana.

Bibi_Mnyambuo

Jibu fupi: ni mawili. Ila lile la kwanza ndo lenye utamu, na mtu wa Kiswahili analielewa haraka kuliko Mwingereza mwenyewe, ngoja nikueleze.

Set ya kitenzi ni mtoto wa sit, yani kuketi. Zamani lugha za ukoo huo (Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na wenzao) zilikuwa na kauli ya kutendesha kama yetu. Sisi tunasema keti, ketisha, lala, laza, anguka, angusha. Wao walikuwa wanabandika kasauti ka "y" nyuma ya mzizi. Sasa wakachukua sat (sit ya wakati uliopita) wakakabandika, kale ka "y" kakaivuta ile "a" mpaka ikawa "e", halafu kenyewe kakafa kakapotea, likabaki neno settan kwenye Kiingereza cha kale, maana yake kuketisha, kumfanya mtu au kitu kikae mahali. Wajerumani mpaka leo wanayo setzen, Waholanzi zetten.

Na sio hilo tu. Drink na drench ni mchezo uleule, angalia drank uone "a" ilivyogeuka "e". Drench ni kunywesha! Leo watu wengi wanaijua kama kulowesha chapachapa lakini waulize wafugaji, kumpa ng'ombe au kondoo dawa ya maji mdomoni bado wanaita drench. Fall na fell: mti ukianguka wenyewe ni fall, ukiukata ukauangusha ni fell. Lie na lay ni lala na laza. Waingereza wengi hawajui kama hizi ni jozi, ndo maana lie na lay zinawasumbua hata wao wenyewe, na walimu wao hawaachi kuwasahihisha. Kwetu mtoto wa miaka minne anasema "nilalishe" na anaelewa anachofanya.

Kwa hiyo ukiona set kwenye kitenzi jiulize kwanza, hapa ni nini kinakalishwa na kinakalishwa wapi? Saa: unakalisha mishale mahali pake. Mfupa uliovunjika: unaurudisha ukae, sisi tunaita kuunga. Mtego: unaukalisha tayari, sisi tunatega. Mtihani tunatunga, rekodi tunaweka, meza tunaandaa, yani kila mahali Kiswahili kina kitenzi chake na hakuna hata kimoja kinachotafsiri set yenyewe. Mi naona hapo ndo watafsiri wengi wanapoharibu, wanatafuta neno moja la kubandika kote, na neno lenyewe ni "kuweka", unaishia kusoma maelekezo yana "weka" thelathini mpaka unachoka.

Njiwa_Manga

Daah bibi shikamoo, hii ya drench nimeipenda mno. Sasa seti ya spana inakaaje humo? Spana zimeketishwa kwenye boksi?

Bibi_Mnyambuo

Marahaba. Hapana, hiyo ndo ya pili, na haina undugu na kuketi kabisa. Imetoka Kifaransa cha zamani, sette, nacho kimetoka kwenye secta ya Kilatini, kundi la watu wanaomfuata mtu, na nyuma yake kuna sequi, kufuata. Ndo hiyohiyo iliyozaa sect, dhehebu, na suit na suite pia zimo kwenye ukoo huo, ndo maana suti ni nguo zinazofuatana, koti na suruali yake. Seti ya spana basi ni spana zinazoandamana. Baadaye hizi set mbili zikakaa pamoja kwenye lugha moja, zinasikika sawa, watu wakawa wanaona vitu "vilivyopangwa pamoja" ni vilevile, zikachanganyikana mpaka kuna matumizi huwezi kuyatenganisha.

Ya hesabu nayo imepitia mlango huo wa pili. Georg Cantor alipoanzisha nadharia yake ya seti huko Ujerumani miaka ya 1870 yeye alikuwa hasemi set, neno alilokuja kulitumia ni Menge, Wafaransa wanaita ensemble, Waingereza ndo wakaweka set. Na Kiswahili cha darasani kikabeba seti.

mpinga_kila_kitu

Mi sikubaliani na hii ya kulazimisha kila kitu kikalishwe. Jua liki-set, nani kalikalisha? Na gundi? Hapo hakuna mtu anayetendesha kitu, jua linajiendea zake.

Bibi_Mnyambuo

Swali zuri. Set ilianza kama kutendesha, lakini baada ya kale ka "y" kufa hakuna alama iliyobaki ya kuwaambia watu hii ni ya kutendesha, kwa hiyo ikawa inalegea, ikaanza kutumika hata kwa kitu kinachojikalia chenyewe. Jua linajikalisha chini, gundi inajikalisha ikawa haitikisiki. Run nayo ndo hivyohivyo, zamani kulikuwa na kitenzi cha kukimbia na pacha wake wa kukimbiza, vikamezana vikawa kimoja, leo neno moja linabeba mbio za mtu na pia kuendesha kampuni. Kwetu "endesha" bado ina mkia wake wa -sha unaouona kwa macho, kwa hiyo haiwezi kulegea kirahisi.

Mzee_Kanzu

Naongezea kidogo kwa huyo mpinga. Kabla hatujawacheka na jua lao, sisi tunasema jua linatua. Mbebaji anatua mzigo, ndege inatua, jua linatua, ni tua ileile moja, kukaa chini baada ya kuwa juu. Wao limeketi sisi limetua, watu wawili hawajawahi kuonana wameangalia jua moja. Na maana 430 zisiwatishe, mwenye ubavu akae ahesabu piga: simu, pasi, picha, kura, magoti, mswaki, chafya, hodi, soga. Mi niliishia njiani.

kasuku_msemaji

Umesahau kupiga chini mzee 😂

Njiwa_Manga

Nimecheka mpaka basi. Haya nimeandika hivi, mnionee: "rekebisha saa", "subiri gundi ikauke", "seti ya spana", "usiiache nje baada ya jua kutua".

fundi_gundi

Nyingine zote poa ila hiyo ya gundi badilisha. Kukauka na kushika sio kitu kimoja, gundi nyingi zinashika mapema, ukigusa hazitelezi tena, lakini ndani bado mbichi na kukauka kabisa ni baadaye. Simenti hivyohivyo, inashika leo ila hujengi juu yake leo. Kama kwenye hayo maelekezo wameandika set na mbele kidogo wameandika dry au cure basi ni hatua mbili tofauti, andika "subiri gundi ishike", ile nyingine ndo uiite kukauka au kukomaa, la sivyo huyo jamaa yako ataiwasha mashine mapema ibanduke.