Naomba ushauri: Hilux ya kabureta kuwekewa 3RZ, nitumie kontroo boksi ipi?

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Hilux yenye injini ya 22R ya kabureta inawekewa injini ya 3RZ-FE ya EFI, lita 2.7, yaani mafuta yanapulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta ya injini (kontroo boksi). Kuikalisha injini si tatizo, kazi iko kwenye mafuta.

Pampu ya 22R inasukumwa na injini, haifiki hata baa 0.5, wakati nozeli zinataka karibu baa 3. Kwa hiyo pampu ya umeme yenye rilei na fyuzi yake, mipira ya presha (ile ya kabureta itapasuka, na hapo ni moto), na paipu ya kurudishia mafuta isiyobana, la sivyo presha inapanda na gari linakula mafuta. Tangi nalo: mafuta yakiwa robo, mlimani pampu itavuta hewa na injini itakata. Nawaza katangi ka lita 1.5 katikati ya pampu mbili, ili pampu ya presha isikose mafuta.

Sasa, nichukue kontroo boksi ya Toyota na wayaringi ambao haujakatwa, au ya kuprogramu? Ya Toyota naipenda zaidi, ila ikija na imobilaiza (kinga ya wizi) bila ufunguo wake, gari haliwaki. Ya kuprogramu inataka mtu wa kuitiuni kwa kompyuta na sensa ya oksijeni. Arusha hapa yupo? Na kwa mwinuko wetu wa mita 1,400, mngeanzia wapi?