Wakuu, kapasitensi (uwezo wa elektrodi mbili kutunza chaji ya umeme) inarukaruka ndani ya chombo cha presha kubwa, nifanyeje?

Kemia_Tengeru: Habari zenu wakuu. Niko Arusha, nachuja mafuta ya kahawa mbichi kwa kaboni dioksaidi ya superikritiko, yaani iliyovuka nyuzi 31 na bar 74, si gesi wala si kimiminika. Naongeza ethanoli kidogo, nataka kujua imechanganyika kiasi gani bila kufungua chombo. Nimeamua kupima konstanti ya dielektriki, yaani kapasitensi inakuwa mara ngapi ya ile ya utupu kitu kikijaa kati ya elektrodi: kwenye nyuzi 40 na bar 100 kaboni dioksaidi ina kama 1.35, ethanoli ya kawaida inakaribia 24. Elektrodi ni silinda mbili za chuma cha pua, moja ndani ya nyingine, kwa hesabu kapasitensi yake ikiwa tupu ni pikofaradi 10. Sasa namba haitulii. Nikigusa waya inaruka, nikienda kunywa chai narudi imehama. Ninunue mita nyingine? Bajeti imekata.

FundiMita: Usinunue kitu. Chombo kikiwa kitupu mita inasoma ngapi?

Kemia_Tengeru: 140 na ushee. Waya ni mita moja na kidogo.

FundiMita: Basi mkuu unapima waya! Koaksia (waya wenye ngao ya chuma kuuzunguka) ya kawaida ina kama pikofaradi 100 kila mita, na gesi yako inaongeza 3 au 4 tu. Tumia koaksia mbili, kila elektrodi na yake, ngao zote ziungwe kwenye tundu la ngao la mita pamoja na mwili wa chombo. Elektrodi isiguse ukuta. Kisha vuta vakyumu, yaani toa hewa yote, pima, na kila namba ya baadaye igawe kwa hiyo.

MamaMaabara_Moshi: Hayo ya waya sawa, ila kuhama ni joto, mdogo wangu. Karibu na nukta kritiko, zile nyuzi 31 na bar 74, nyuzi mbili tu zinaporomosha msongamano, na dielektriki inaufuata. Kwenye bar 80 na nyuzi 35 utalia. Panda bar 120, zungushia chombo maji ya joto yenye kidhibiti, subiri kitulie. Tena kwa nyuzi 40 ukishuka chini ya bar 80 ethanoli inaweza kujitenga chini, ukapima tabaka mbili ukidhani ni moja. Una dirisha la kuchungulia?

Kemia_Tengeru: Lipo, la safaya. Shukrani dada.

Presha_Tu: Pete za mpira za kuziba chombo nazo zinanyonya gesi. Ukiachia presha ghafla zinavimba kama andazi na kupasuka. Fungua vali taratibu, na usisimame mbele yake.