Kozi ya uhandisi kutambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) inatosha au mpaka ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi)?

Mama_Junior: Wakuu habari zenu, mdogo wangu kachaguliwa sivil enjinia chuo kimoja binafsi, kwenye gaidibuku ya TCU kozi ipo kabisa, ila jirani anasema tukaulize ERB kwanza maana anaweza kumaliza miaka 4 akakosa usajili. Ni kweli jamani? Ada ni pesa nyingi, naogopa.

fundi_nondo: Jirani kakushauri vizuri. TCU wanaruhusu chuo kifundishe hiyo digrii, ERB wanasajili mtu, na bila usajili wao huruhusiwi kufanya kazi kama mhandisi, sheria ipo tangu 1997. Piga simu ERB uulize hiyo kozi kwa jina lake kamili na jina la chuo, majibu ya ofisi ya udahili peke yake usiyategemee. Akimaliza anasajiliwa kama mhandisi mhitimu, anaingia SEAP (mafunzo ya kazini ya wahandisi wahitimu) miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndo aombe uprofeshno, yaani kusajiliwa kama professional engineer.

Kaka_Zege: Nyongeza, mwende chuoni muingie maabara kwa macho yenu, muulize mashine ya kuvunja zile kyubu za zege inafanya kazi na wanafunzi wanaigusa au wanaonyeshwa tu, hapo ndo utajua.

Mama_Junior: Asanteni sana. Akitaka kwenda nje je?

fundi_nondo: Huko wengi wanaangalia Washington Accord ya 1989 (makubaliano ya nchi kutambuliana digrii za uhandisi), South Africa wamo tangu 1999, sisi bado hatumo, kwahiyo vyeti vyake vitakaguliwa upya.